Shajara ya mradi: kompyuta ya studio ya harusi inayochemka, Lamu

Alhamisi, baada ya isha

Kazi mpya. Kompyuta ya mezani ya studio ya video za harusi, nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani. Lalamiko nimeliandika kama nilivyolisikia: ikianza kurenda (kuunganisha picha na sauti ziwe video moja iliyokamilika) inakuwa nzito, feni inalia, na kuna siku inazima ghafla katikati ya kazi. Kijana mwenye studio keshaambiwa na watu kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekufa, atafute nyingine. Nimemwambia asitoe hata shilingi mpaka tupime. Prosesa ni katika vitu vinavyokufa kwa nadra sana ndani ya kompyuta, na ikifa kwa kawaida mashine haianzi kazi kabisa. Hii inawaka, inafanya kazi vizuri robo saa, kisha inachoka. Dalili hiyo ni ya joto lisilopata pa kutokea, na njia ya joto inakaguliwa kipande kwa kipande, huna haja ya kubahatisha.

Msimu wenyewe ni wa kaskazi. Chumba kikiwa na watu wawili na taa kinafika nyuzi 32 hata usiku. Harusi zimefuatana na wateja wameshaanza kupiga simu.

Mashine ni ya mtumba, ilikuja Mombasa na kontena kutoka Uingereza. Prosesa ni Intel Core i5-4590, toleo la 2014: viini vinne, gigahezi 3.3 kwa mwendo wa kawaida, mpaka 3.7 ikijikaza. Kiwanda kinaiandikia wati 84. Kasha ni la mtindo wa zamani, pawasaplai (kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta) inakaa juu kwa nyuma, sentimita chache tu kutoka kwenye prosesa. Hilo la pawasaplai nimelipigia mstari.

Ijumaa, alasiri

Leo nimekwenda kuiona mahali inapokaa, maana nikiileta kwangu Langoni nikaipima juu ya meza yangu nitakuwa nimepima kompyuta nyingine.

Inakaa ndani ya shubaka. Kuta za nyumba hizi za matumbawe ni nene, nusu mita hivi, na palipokuwa na dirisha zamani pamezibwa kwa upande wa nje, pakabaki shimo safi lililopigwa chokaa. Kasha limeingia humo kama limekatiwa kipimo. Mgongo wake unakaribia kugusa ukuta, na mbele pametundikwa kitambaa cha darizi kuzuia vumbi. Anayeona atasema ni nadhifu, na kweli ni nadhifu. Ila feni ya nyuma inatoa hewa ya moto, hewa inagonga ukuta, inapanda, inazunguka juu ya kasha na kurudi mbele chini ya kitambaa, ambako inavutwa ndani tena.

Nilichukua kile kipimajoto cha kidijitali chenye waya mrefu, kinachouzwa kwa ajili ya friji, nikaweka ncha yake mbele ya matundu ya kuingizia hewa. Kisha nikaendesha HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya ndani ya mashine, iandike kila sekunde mbili kwenye faili: nyuzi za prosesa, wati inazokula, kasi ya viini, mizunguko ya feni. Kijana akaanza kurenda harusi ya juzi.

Baada ya dakika ishirini:

Chumbani nyuzi 32. Mlangoni mwa kasha, nyuma ya kitambaa, nyuzi 41. Prosesa nyuzi 100, imeganda hapo hapo haipandi wala haishuki. Wati 52. Kasi gigahezi 2.6.

Ile 100 ndiyo kikomo alichowekewa i5-4590 ndani ya silikoni yake. Akifika hapo anajifunga breki mwenyewe: anapunguza kasi na volti mpaka joto analozalisha lilingane na lile linaloweza kutoka. Kwa hiyo "uzito" anaoulalamikia kijana si ugonjwa, ni prosesa inajilinda. Programu imeomba gigahezi 3.3 na zaidi, imepewa 2.6, na feni iko kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika ikipiga kelele bure.

Hesabu ninayoifuata katika kazi hii ni moja tu, na nimemwandikia kijana juu ya karatasi ili aifahamu. Chukua nyuzi za prosesa, toa nyuzi za hewa inayoingia, gawa kwa wati. Inayobaki ni nyuzi ngapi zinapanda kwa kila wati moja, na hiyo ndiyo sifa ya njia ya joto, iwe kaskazi au kusi, iwe mashine imejikaza au imelegea. Leo: 100 kutoa 41 ni 59, gawa kwa 52, ni 1.13. Ni mbaya. Feni na hitisinki (kipande cha chuma chenye mapezi kinachotoa joto kwenye prosesa) ya aina hii, ikiwa safi na imekaa sawa, natarajia kitu kama 0.6 au 0.7.

Watu wengi wanaangalia nyuzi peke yake. Nyuzi peke yake zinadanganya, na kesho ushahidi utakuwepo.

Jumamosi, asubuhi

Hatua ya kwanza ni ya bure: kuitoa shubakani. Haikuwa nyepesi kama inavyosomeka, kwa sababu ndani ya chumba hicho kila kitu kina mahali pake na mwenye kupanga ni nyanya yake kijana. Nilimkuta ameketi barazani.

"Sabalkheri, Bibi."

"Akheri, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa hilo sanduku? Mbona mwalitoa mahali pazuri?"

Nikamweleza kwamba sanduku linavuta hewa yake lenyewe iliyokwisha chemka. Akauliza kwa nini basi halikuwekwa karibu na dirisha la uani tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa, maana ndilo swali lenyewe. Akakubali meza ya mvule iliyokuwa pembeni, kwa sharti kwamba nyaya zisionekane kutoka mlangoni.

Tukaiweka juu ya meza, nyuma pana nafasi ya mkono mzima, kitambaa kimeondolewa. Harusi ile ile, dakika ishirini zile zile.

Hewa inayoingia nyuzi 32. Prosesa nyuzi 100. Wati 60. Kasi gigahezi 3.0.

Kijana akakunja uso. "Fundi, bado mia."

Bado mia, ndiyo. Lakini wati zimetoka 52 mpaka 60 na kasi imetoka 2.6 mpaka 3.0. Prosesa ilipoona hewa ni baridi zaidi ilijiongeza mwendo mpaka ikagonga kikomo kile kile. Mtu aliyetazama kipimo cha nyuzi pekee angerudisha kasha shubakani na kusema kuhamisha hakukusaidia. Piga hesabu: 100 kutoa 32 ni 68, gawa kwa 60, ni 1.13 tena. Njia ya joto ndani ya kasha haijabadilika hata chembe, na haikutakiwa ibadilike kwa kuwa hatujaigusa. Kilichobadilika ni hewa tu. Nilifurahi kuona namba mbili zimeangukiana hivyo. Ina maana kipimo kinaaminika na ninaweza kukitumia kwa hatua zinazofuata.

Nimefunga kazi kwa leo, Langoni kuna simu za watu zinangoja.

Jumapili

Kufungua na kusafisha. Hapa nitaandika kwa urefu, maana mashine za kisiwani zinaharibika kwa namna ambayo mafundi wa bara hawaikuti.

Ukifungua kompyuta ya Nairobi unakuta vumbi. Unapuliza kwa blowa, linaruka, umemaliza. Ukifungua kompyuta ya Lamu unakuta zulia. Kati ya mapezi ya hitisinki palikuwa na kitu cha kijivu kilichoshikana, kinene kiasi cha wembe wa kukunja, na nilipokishika kwa koleo kilitoka kipande kizima kikiwa na alama za mapezi kwa upande wa ndani. Nilikinusa. Udi. Chetezo kinawashwa humu ndani kila siku ya Mungu baada ya magharibi, na siku za harusi zaidi ya mara moja. Moshi wa udi na ubani una mafuta ya utomvu ndani yake, na feni haichagui inachovuta.

Juu ya mafuta hayo kuna chokaa. Kuta za zamani zinamwaga unga mweupe taratibu, huoni mpaka upitishe kidole. Juu ya chokaa kuna mchanga wa kichochoroni, punda wanapita chini ya dirisha hilo wamebeba matofali siku nzima. Na kinachovigandisha vyote pamoja ni chumvi ya bahari. Chumvi ya kawaida, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Hapa pwani unyevu unapita hapo usiku bila shida. Kwa hiyo vumbi letu linalowa usiku na kukauka mchana mashine ikipata moto, linalowa tena, linakauka tena. Baada ya miaka michache ni saruji nyepesi. Blowa niliijaribu kwa kutimiza wajibu tu, haikung'oa chochote.

Nilitoa hitisinki nzima na feni yake, nikatenganisha feni, nikaiweka hitisinki kwenye bakuli la plastiki na spiriti ya isopropili, nikasugua pezi kwa pezi kwa mswaki laini. Feni sikuitia majini: nilipangusa mapanga kwa kitambaa chenye spiriti, upande wa mbele na wa nyuma, kwa sababu makali ya panga la feni yakishika uchafu hata kidogo inasukuma hewa kidogo na kulia zaidi. Nilizungusha kwa kidole. Inazunguka laini, haina mchezo, beringi nzima.

Nikiwa hapo hapo niligundua mambo mawili mengine. La kwanza, pesti ya joto kati ya prosesa na hitisinki imekauka na kupasuka, inabanduka kama magamba. La pili ni zito zaidi. Hitisinki ya aina hii inashikwa na pini nne za plastiki zinazobonyezwa kupita kwenye matundu ya ubao mkuu. Kila pini ina miguu miwili meupe ambayo inatakiwa kutanuka nyuma ya ubao pale kijiti cheusi kinapoingia katikati. Nilichukua picha ya nyuma ya ubao kabla ya kutoa chochote, ni tabia yangu, na picha inaonyesha tatu zimetanuka na moja imefumba. Kona moja ya hitisinki ilikuwa inaelea. Sijui ni nani aliyeiacha hivyo na haina maana kutafuta. Mashine ya mtumba imepita mikononi mwa wengi.

Kwa makusudi kabisa sikurekebisha pini leo. Nikirekebisha vitatu kwa mpigo sitajua kipi kilileta nini. Nilirudisha hitisinki safi kwa pesti kidogo mpya, na ile kona nikaiacha inavyoelea, ili nione usafi peke yake una uzito gani. Pesti mpya imeingia kwa lazima, huwezi kurudisha magamba yale, kwa hiyo kipimo cha leo ni usafi na pesti pamoja.

Hewa 32. Prosesa 88. Wati 66, kasi imefika inapotakiwa na haijajifunga breki. 56 gawa kwa 66: 0.85.

Kijana aliona namba ya 88 akasema tumemaliza. Nikamwambia bado kona.

Jumatatu, asubuhi mapema kabla ya jua kuchoma

Pini. Nimetoa ubao mkuu wote nje ya kasha. Ndiyo, ni kazi zaidi, lakini kubonyeza pini hizi ubao ukiwa ndani ni kuupinda, na nimeona bao zilizopasuka njia za umeme kwa sababu hiyo. Ubao juu ya gazeti, unaweka hitisinki, unabonyeza pini mbili za mshazari kwa pamoja, kisha mbili zilizobaki. Kila moja inatoa mlio wa "tak". Kisha unageuza ubao na kutazama kwa macho: miguu yote minane meupe imetanuka.

Kuhusu pesti, kwa kijana ambaye alitaka kuijaza kama siagi kwenye mkate: kazi yake ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo midogo ambayo macho hayaioni, basi. Alumini inapitisha joto karibu mara elfu tisa kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo hata utando mwembamba wa hewa ni ukuta. Lakini pesti yenyewe inapitisha joto kidogo kuliko chuma, hivyo ikizidi inageuka kuwa kizuizi. Tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati, hitisinki inalitandaza yenyewe ikibanwa sawasawa. Na hapo ndipo kona iliyoelea ilipokuwa inaharibu: bila mbano, pesti ilibaki nene upande mmoja.

Hewa 31. Prosesa 74. Wati 66. 43 gawa kwa 66: 0.65.

Feni imeshuka mpaka mizunguko 1,900 na sasa mtu anaweza kuongea na simu akiwa karibu nayo.

Jumatatu, usiku

Ujumbe wa sauti saa nne usiku: "Fundi, ndoo, yeo imezima tena." Yaani njoo, leo imezima tena.

Nimefika nikiwa na tochi. Imezima kweli, katikati ya kurenda, na ukibonyeza swichi haiwaki. Kijana ananitazama kwa jicho la "si nilikwambia". Nilifungua faili ya HWiNFO kwenye laptopu yangu baada ya kuchomoa diski. Mstari wa mwisho kabla ya giza: prosesa nyuzi 74, wati 65, feni inazunguka. Hakuna kilichopanda. Mashine iliyozimwa na joto la prosesa ingeacha mistari inayokwea mpaka juu. Hii imekatika kama uzi.

Baadaye ilipowaka tena, kwenye kumbukumbu za Windows nilikuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wanalichukulia tukio hilo kama utambuzi wa ugonjwa. Linasema kitu kimoja tu, kwamba mashine ilizimika bila kufungwa, basi. Hata ukichomoa waya ukutani litaandikwa hilo hilo.

Stima haikukatika, taa zilikuwa zinawaka nyumba nzima.

Nikaweka kiganja juu ya kasha, kwa nyuma, pale pawasaplai ilipo. Nilikiondoa haraka. Nikachungulia kwenye wavu wake kwa tochi: mapanga ya feni yake yamevaa koti lile lile la udi na chumvi, na kitovu chake kina kutu nyekundu. Tukangoja. Kijana alileta kahawa, tukazungumza habari za mpira. Baadaye nikabonyeza swichi, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, na feni ya pawasaplai haikugeuka hata kidogo.

Basi zilikuwa shida mbili, zimevaa nguo moja. Uzito ulikuwa wa prosesa. Kuzima kulikuwa kwa pawasaplai, ambayo ina ulinzi wake wa joto: ikichemka inakata, na hairudi mpaka ipoe. Kwenye kasha kama hili inazidi kuteseka kwa sababu inakaa juu ya prosesa na kazi yake mojawapo ni kuvuta ile hewa ya moto na kuitoa nje. Feni yake ikifa, inabaki imekaa juu ya jiko.

Kijana aliuliza kama naweza kuifungua nikaitia mafuta feni. Siifungui. Umeme wa volti 240 ukishageuzwa ndani humo unakaa kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) kwa karibu volti 340, na unaweza kubaki hapo baada ya waya kuchomolewa. Wapo wanaofungua na wanajua wanachofanya. Kwa kifaa cha bei hii sioni faida. Inaagizwa nyingine.

Jumanne

Nimepiga simu Mombasa. Pawasaplai ya wati 450, ukubwa wa kawaida, shilingi 3,500, itapanda basi mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvuka kwa boti. Nimesisitiza feni yake iwe kubwa, ya milimita 120, kwa sababu feni kubwa inasukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache.

Wakati tunangoja kijana anahitaji kufanya kazi. Tumefanya mambo mawili ya muda. Ubavu wa kasha umefunguliwa na feni ya mezani imeelekezwa ndani, kitu ambacho sikipendi kwa sababu ya vumbi lakini kwa siku mbili tatu si neno. Na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa nimekishusha kutoka asilimia 100 hadi 99. Asilimia moja hiyo haionekani kuwa kitu, ila inazima ule mwendo wa kujikaza kabisa, prosesa inabaki kwenye gigahezi 3.3. Wati zikashuka mpaka 54. Kurenda kunachelewa kidogo tu.

Hapo ndipo kijana akauliza swali zuri: inakuwaje kasi ipungue kidogo na wati zipungue hivyo? Na mbona simu yake haina feni?

Kwa sababu wati zinafuata kasi mara volti mara volti. Volti inahesabiwa mara mbili. Prosesa ikitaka mwendo wa ziada inabidi iongezewe volti pia, kwa hiyo hatua za mwisho za kasi ndizo ghali kuliko zote. Prosesa ya simu inakaa chini kabisa ya mlima huo, wati chache, na ikichoka inajipunguza vile vile, ila wewe unaona tu mchezo unakwama na simu ina moto mkononi.

Nikaendelea kidogo, maana alikuwa anasikiliza. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista, yaani swichi ndogo mno zilizo ndani ya prosesa, zikipunguzwa ukubwa, volti inaweza kupungua pamoja nazo, na joto kwa kila eneo la silikoni likabaki lile lile. Miaka thelathini viwanda viliishi kwa kanuni hiyo. Kisha transista zikawa ndogo mno, umeme ukaanza kuvuja hata zikiwa zimefungwa, volti ikakataa kushuka zaidi. Mwaka 2004 Intel ilikuwa imeahidi Pentium 4 ya gigahezi 4 na ikaiacha. Tangu hapo wakaanza kuongeza viini badala ya kuongeza kasi. Ndiyo sababu mashine yake ya 2014 ina viini vinne vya gigahezi 3 na kitu, wala haina kimoja cha gigahezi 10.

Akasema, "Kumbe hata wao joto liliwashinda." Sikupinga.

Alhamisi

Mzigo haujafika. Basi limechelewa njiani.

Ijumaa, jioni

Umefika. Nimebadilisha: nyaya mbili kubwa kwenye ubao mkuu, moja ya pini 24 na moja ya volti 12 karibu na prosesa ambayo watu huisahau, kisha diski. Nyaya za ziada nimezifunga chini ili zisikae mbele ya feni. Pawasaplai ya zamani nimeibandika karatasi "HAIFAI" kwa wino mwekundu, maana hapa mjini kitu kikitupwa asubuhi jioni kinauzwa.

Asilimia 99 imerudishwa 100. Ubavu wa kasha umefungwa, na hili halina mjadala: kasha likifungwa, hewa inalazimika kupita mbele mpaka nyuma ikipitia kila kitu. Likiwa wazi, feni zinavuruga tu.

Bibi alikuja kuangalia. Akaona nyaya hazionekani kutoka mlangoni, akaridhika. Nilimwomba jambo moja, kwa adabu, kwamba chetezo kikiwashwa kikae upande wa pili wa chumba au mashine iwe imezimwa. Akacheka akasema udi haujawahi kuua mtu. Kisha akamwambia mjukuu wake asogeze meza karibu zaidi na dirisha la uani, na hapo nikajua imekubaliwa.

Jumamosi, asubuhi

Imerenda usiku kucha, harusi mbili mfululizo, haijazima. Faili ya kumbukumbu nimeipitia kwenye kahawa: nyuzi za juu kabisa 76, hiyo ilikuwa alfajiri kabla upepo haujaanza, hewa inayoingia ikiwa 32. Wati 67. Inatoka 0.66, sawa na Jumatatu. Nyuma ya pawasaplai hewa inatoka vuguvugu, mkono unakaa.

Ndani ya ubavu wa kasha nimebandika plasta nyeupe yenye namba: 0.65, na maelezo ya kuipata. Kijana atapima mwanzo wa kila mwezi kwa video ile ile ya majaribio na kipimajoto kile kile, ambacho nimemwachia. Ikipanda mpaka 0.85 anipigie nije na spiriti. Chini ya hapo asifungue.

Kuna jambo sijalimaliza: wavu wa kuzuia vumbi mbele ya kasha. Nimejaribu kipande cha chandarua na kimepandisha namba mpaka 0.72, hasara ambayo siipendi kwa msimu huu. Nitatafuta kitambaa chenye matundu makubwa kidogo, nikijaribu kusi ikishaingia.

Malipo: pawasaplai na nauli yake vimelipwa. Ufundi, nusu nimetumiwa kwa M-Pesa, nusu baada ya bwana harusi kuchukua video yake.